Kabla ya Amina

Nyumba ya Fardosa iliungua Jumamosi alasiri, wageni wakiwa sebuleni na chai mkononi. Jua lilipozama hapakuwa na kilichobaki ila mabati yaliyojikunja na miguu ya kitanda cha chuma. Wageni walitoka wazima, na watoto walitoka wazima. Aliyebaki ndani ni Akko, mama mzazi wa mume wa Fardosa, kikongwe aliyekuwa amejinyoosha chumba cha nyuma akingoja kuamshwa kwa sala.

Baada ya mazishi Kinya alienda kumpa pole. Yeye alikuwa Mmeru, Mkristo, na Fardosa alikuwa Mwislamu, lakini kwa miaka mingi walikuwa wamekaa bega kwa bega katika soko la Isiolo, mmoja na nyanya na kabeji zake kutoka milimani, mwingine na mitungi yake ya maziwa ya ngamia. Watu wa aina hiyo hujuana kuliko ndugu.

Alimkuta kwa jirani, chini ya turubai lililofungwa kwenye mwarobaini, amekaa juu ya mkeka kati ya wanawake wengine. Hakuwa analia. Alikuwa anapokea mikono ya watu na kuirudisha kama mtu anayerudisha chenji.

"Salaam aleikum," Kinya akasema.

"Aleikum salaam, Mama Kiende. Karibu ukae."

Wanawake wale walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini. Kila mmoja alisema ni mipango ya Mungu, na Fardosa aliitikia kwa kichwa. Walipoinuka kwenda kutawadha, Kinya na Fardosa walibaki peke yao.

"Nilisikia harufu," Fardosa akasema ghafla, akiangalia mkeka.

"Harufu gani?"

"Ya plastiki. Ile ya mshikio wa sufuria ukiguswa na moto. Huqa alikuwa anaongea. Unamjua Huqa, kaka mkubwa wa bwanangu, walikuwa wametoka Merti na familia yake kututembelea likizo. Alikuwa anatuambia vile lori lao lilikwama kwa mchanga wa mto. Nikasema akimaliza hiyo habari nitaenda kuangalia. Shemeji mkubwa anaongea, wewe mwanamke uinuke umkatize? Nikangoja."

"Alimaliza?" Kinya akauliza.

"Alimaliza. Tukacheka." Fardosa alipitisha mkono juu ya mkeka kana kwamba anafuta makombo. "Tukacheka sana, Mama Kiende. Halafu ndio nikainuka. Nikafungua mlango wa nyuma, na moshi ukanipiga hapa usoni kama ngumi. Wanasema ni mipango ya Mungu, na mimi sikatai. Lakini nilikuwa na pua. Mungu alikuwa amenipa pua."

Akamshika Kinya mkono. "Sijamwambia mtu mwingine. Hata bwanangu."

*

Kinya alirudi nyumbani akaingia sebuleni kwake, akasimama katikati, akanusa. Palinuka rangi mpya tu. Mumewe, Mugendi, alikuwa amepaka kuta kwa mkono wake mwenyewe, maana mwaka huo haukuwa kama mingine. Kila Krismasi wao ndio walikuwa wakipanda kwenda Tigania kwa wazazi. Mwaka huu mzee M'Ikiara, baba yake Mugendi, alikuwa amekubali kushuka Isiolo kuiona nyumba ambayo mwanawe amejenga.

Mugendi alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Hakuwa mtu wa majivuno, lakini katika familia yao aliyesifiwa siku zote ni kaka yake Kobia, mfanyabiashara wa miraa mwenye gari na nyumba ya mawe. Nyumba ya Mugendi ilikuwa ya mbao, yenye mabati juu na dari ya bodi. Hata hivyo ilikuwa yake, na alitaka baba yake akae kwenye kiti chake, ale chakula chake, alale kitanda chake.

"Baba Kiende," Kinya akamwambia jioni hiyo, "kabla wageni waje, tuite fundi wa stima aangalie hizi waya."

"Zina shida gani?"

"Sijui. Ndio maana nasema aangalie."

"Mafundi wote wamefunga. Tutaita baada ya sikukuu."

Hakusema kwa ubaya. Alijua mkewe ametoka kwenye matanga, na moto wa jirani humtisha mtu yeyote. Lakini Kinya hakutulia. Asubuhi aliutoa mtungi wa gesi jikoni na kuuweka nje chini ya kibanda, akahamisha jiko la makaa mbali na pazia, kisha akajaza ndoo mchanga na kuiweka kando ya mlango wa sebule. Mugendi aliporudi kutoka kazini aliiangalia ndoo ile kwa muda mrefu.

"Wazee wataona mchanga mlangoni, watauliza kama bado tunajenga."

"Waulize. Tutawajibu."

"Mama Kiende, tafadhali. Nyumba imependeza. Usiifanye ionekane ni mahali pa kuogopa."

Aliibeba ndoo akaipeleka nyuma ya nyumba. Kinya alimngoja aingie kuoga, akaenda akairudisha hadi kwenye kona ya varanda, akaifunika kwa kanga. Kiende, binti yao aliyekuwa amefunga chuo, aliona yote mawili, akacheka peke yake huku akining'iniza taa ndogondogo za Krismasi kuzunguka dirisha.

*

Siku ya Krismasi jua la Isiolo halikumwonea mtu haya. Kufikia saa nne upepo ulikuwa wa vumbi na mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Mamo, jirani yao Mborana, alikuja mapema akawachinjia mbuzi, ili hata majirani Waislamu wapate kula bila wasiwasi. Alikuwa bado uani akichoma nywele za kichwa na miguu wakati gari la Kobia lilipoingia.

Mzee M'Ikiara alishuka kwanza, na fimbo yake na kofia yake ya kijivu ya kwenda kanisani. Mkewe akafuata, kisha mke wa Kobia na watoto. Kinya alisalimia akiwa ameinama kidogo, akampa mzee mkono na kuutoa haraka, kama ilivyokuwa desturi yake tangu aolewe. Alikuwa akimheshimu mzee yule hadi kuogopa kivuli chake.

Kobia hakuja mikono mitupu. Alifungua buti akatoa friji ndogo.

"Zawadi ya nyumba," akasema. "Soda zipate kuwa baridi. Huku kwenu ni tanuri." Kisha akatoa spika yenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.

Vyote vilipata nafasi nyuma ya kochi, kwenye ekstensheni moja iliyokuwa tayari imebeba televisheni, feni na taa za Kiende. Kinya alikuwa anaweka sahani mezani. Alijikaza, akasema kwa upole, "Shemeji, hiyo ekstensheni imebeba vitu vingi."

Kobia akacheka. "Kwani stima ya Isiolo ni mgonjwa? Inabebwa kwa machela?"

Wote wakacheka, hata mama mkwe. Mugendi alimtupia mkewe jicho moja tu, na Kinya akarudi jikoni. Alijiona mdogo. Akajiambia pengine ni kweli, pengine matanga ya Fardosa yamemwingia kichwani.

Chakula kilipokuwa tayari, spika ikazimwa na watu wakaitwa ndani. Palikuwa na pilau, chapati, nyama ya mbuzi, na mukimo wa viazi vilivyopondwa ambao mama mkwe alikuja nao kutoka Tigania. Mzee M'Ikiara, mzee wa kanisa, aliombwa aombee chakula. Aliegemea fimbo, akavua kofia akaiweka gotini, na watu wote wakafumba macho.

Mzee hakuwa mtu wa maombi mafupi. Alianza na mvua. Akaja kwa waliokufa mwaka huo, kisha kwa watoto, mmoja mmoja kwa jina. Feni ilikuwa inazunguka. Alipofika kwa Kiende, akimwombea mitihani yake, Kinya alisikia harufu.

Ilikuwa ndogo sana. Alidhani ni ile ya uani, nywele za mbuzi. Akavuta pumzi tena taratibu. Ya mbuzi ilikuwepo, nzito, yenye mafuta. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, kali, ya kukwaruza koo. Akafumbua macho. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Hakukuwa na moshi. Taa za dirishani zilikuwa zinawaka na kuzimika, nyekundu, kijani, nyekundu.

"Na nyumba hii, Baba," mzee alikuwa anasema, "uizungushie ulinzi wako..."

Ngoja aseme amina, Kinya akajiambia. Ni kidogo tu. Mzee akimaliza utaenda nyuma ya kochi kama mtu anayetafuta kijiko, uangalie, hakuna atakayejua.

Hapo ndipo alipokumbuka sauti ya Fardosa pale kwenye mkeka. Alimaliza. Tukacheka.

"Baba," Kinya akamwita mzee.

Mzee aliendelea.

"Baba, samahani. Tuinukeni. Tutoke nje."

Macho yalifumbuka, moja baada ya jingine. Mke wa Kobia alikuwa bado na mikono kifuani.

"Kuna nini?" Mugendi akauliza.

"Kuna kitu kinaungua."

Kobia alinusa hewani, akatabasamu. "Ni kichwa cha mbuzi, shemeji. Mamo yuko hapo nje anakichoma."

"Si mbuzi. Tokeni, tafadhali. Kiende, zima swichi kuu."

Kiende alimwangalia mama yake, akaona uso wake, akakimbia. Watoto nao wakakimbia kwa sababu wameona mtu anakimbia. Lakini mzee M'Ikiara hakuinuka. Alifumba macho tena.

"Tumalizane na Mungu kwanza," akasema kwa utulivu. "Nyumba haitakimbia."

Kinya hakufikiri tena. Kama angefikiri, asingeweza. Alizunguka meza, akamshika mzee mkono juu ya kiwiko, yeye ambaye hakuwahi kumgusa zaidi ya salamu, akamvuta. Mzee aliinuka kwa mshangao, fimbo ikaanguka, kofia ikaanguka. Akatolewa hivyo hivyo, akijikwaa kwenye kizingiti, mbele ya mkewe na wajukuu zake na majirani waliokuwa wamesimama kwenye seng'enge kuangalia kunani.

Feni ilizimika.

*

Walisimama uani kwenye jua. Mamo aliingia akatoka na kofia ya mzee, akaipangusa kwa mkono wa shati na kumpa kwa mikono miwili. Mugendi na Kobia walikuwa ndani. Wale wa nje waliwasikia wakisukuma kochi, wakigonga kuta.

Kobia alitoka wa kwanza. "Moto haupo," akatangaza. "Labda umeenda kunywa maji."

Majirani wawili watatu walicheka, halafu wakaona uso wa mzee wakaacha. Mugendi alisimama mlangoni. Hakumwangalia mkewe.

"Soketi ina joto kidogo," akasema. "Ni kawaida."

"Basi turudi tule," mama mkwe akasema haraka, mwanamke wa amani. "Chakula kinapoa."

"Wanaoweza kula wale," mzee akasema. Akajishughulisha na kofia yake, akiirekebisha kichwani ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Mimi tangu nianze kuomba mbele ya watu, hakuna aliyewahi kunikokota nikiongea na Mungu. Kobia, lete gari."

Mugendi alimsihi. Alimsihi kwa Kimeru, kwa Kiswahili, akamshika mkono na kuuachia. Kitanda cha mzee kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama anayekubali, kisha akaingia kwenye gari. Mukimo ulibaki mezani, haujaguswa.

Vumbi la gari lilipotua Mugendi aliingia ndani, akaelekea kwenye swichi kuu. Kinya alikuwa ametangulia kusimama hapo.

"Toka hapo."

"Ukiwasha, mimi na Kiende hatulali humu."

"Mama Kiende. Hakuna kitu. Tumeangalia."

"Mmeangalia ukuta."

Mugendi alimtazama, na Kinya akaona si hasira pekee iliyo usoni mwake. Ilikuwa aibu, aibu ya mtoto aliyekuwa karibu kusifiwa. Mugendi akageuka, akaondoka zake. Swichi ikabaki kama ilivyo.

Nyama iligawiwa majirani kabla haijaharibika. Friji mpya ilisimama pale sebuleni mlango wazi, ndani pakavu na pa moto kama kabati. Mugendi alikula kimya, akanawa kimya. Kanisani, mwanamke mmoja alimuuliza Kinya kwa huruma ya kujifanya, iwapo anapumzika vizuri siku hizi. Sokoni wachuuzi walimpa jina, wakamwita Zimamoto. Akipita walinusa hewani kwa nguvu, wakacheka. Kinya naye alicheka kidogo, kwa sababu ukikasirika jina hushika.

"Mama," Kiende alimwuliza siku moja wakifua nguo, "wewe una uhakika uliisikia ile harufu?"

Kinya alikamua shati, akalikung'uta. "Siku ile nilikuwa nayo hakika. Leo sijui."

*

Fundi alipatikana mwaka mpya ulipoanza. Jina lake Waqo, kijana mtaratibu, na alikuja na ngazi yake begani. Mugendi alikuwa nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akisoma gazeti la zamani, kuonyesha kwamba jambo hili si lake.

Waqo alifungua soketi ya nyuma ya kochi. Upande wa mbele ulikuwa mweupe, upande wa nyuma umekuwa mweusi na plastiki imeteremka kama nta. Akaufuata waya kwa macho hadi juu, akaweka ngazi, akaondoa bodi moja ya dari.

"Mzee," akamwita Mugendi, "njoo uone."

Mugendi alipanda. Kinya, aliyekuwa chini, aliona miguu ya mumewe tu, imesimama kwenye ngazi bila kusogea. Pale juu, waya mbili zilikuwa zimeungwa zamani, wakati wa ujenzi, na kufungwa kwa karatasi ya nailoni badala ya tepu. Nailoni ilikuwa imeyeyuka. Mbao iliyoshikilia waya ilikuwa imegeuka makaa, kipande cha ukubwa wa kiganja, nyeusi hadi ndani.

"Ingewaka?" Mugendi akauliza.

Waqo alifikiri. "Siwezi kuapa ingewaka. Saa zingine inachomeka hivi na inajizima. Lakini hii ilikuwa imejaribu."

Alifanya kazi yake, akakikata kipande kile kilichoungua, akabadilisha waya, akafunga soketi tatu mpya kila moja na njia yake, akamwambia Kinya friji isikae na kitu kingine pamoja. Alipoondoka, mke na mume walikaa sebuleni. Stima ilikuwa imerudi. Feni ilikuwa inazunguka tena.

Kinya alingoja. Hakutaka makubwa. Alitaka neno moja.

"Lakini," Mugendi akasema mwishowe, "si ungengoja amina? Ilikuwa imebaki amina tu."

Kinya aliinuka akaenda kuangalia maharagwe jikoni. Yalikuwa hayajaiva. Alisimama hapo mpaka macho yakakauka.

*

Hata hivyo ilibidi waende Tigania. Mtu aliyemvuta baba mkwe wake kwa mkono hawezi kukaa tu kwake akingoja isahaulike. Walibeba sukari, majani ya chai na blanketi, wakapanda kutoka joto la Isiolo hadi kwenye baridi ya milimani. Mugendi alikuwa na kile kipande cha mbao mfukoni, kimefungwa kwenye gazeti. Kinya hakumwomba akibebe.

Walimkuta mzee M'Ikiara nje ya nyumba yake, amekaa kwenye jua akitafuna miraa. Kobia pia alikuwepo. Chai ikaletwa. Kinya aliweka blanketi miguuni pa mzee, akaanza maneno aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea heshima. Nilikukatiza ukiomba, na nikakushika..."

Mugendi alimkatiza. Alitoa kile kipande, akakifungua juu ya stuli. Kiliacha masizi kwenye gazeti.

"Kilikuwa juu ya kichwa chako, Baba," akasema. "Pale ulipokuwa umekaa."

Kobia aliinama kukiangalia. Akafungua mdomo aseme mzaha, akaufunga. "Friji yangu," akasema.

"Si friji pekee," Mugendi akamjibu. "Ni vyote."

Mzee hakukigusa. Alitafuna kwa muda mrefu, akatema, akapangusa midomo.

"Mimi niliisikia," akasema.

Hakuna aliyeelewa.

"Hiyo harufu. Niliisikia tangu nilipokuwa nawaombea waliokufa."

Kinya aliinua macho. "Na hukusema, Baba?"

"Ningesemaje?" Mzee alimwangalia, na kwa mara ya kwanza Kinya aliona kwamba macho yake yalikuwa ya mtu mzee tu. "Watu walikuwa wamefumba macho wananisikiliza. Nikasema nitafupisha. Halafu nikaona nikiruka watoto wa Kobia atasema nimewaruka. Uliponivuta nilikasirika. Lakini sikukasirika kwa sababu ulikuwa umekosea, binti yangu."

Alilivuta blanketi akajifunika magoti, ingawa jua lilikuwa kali.

Njiani wakirudi, mteremko wa Isiolo ukifunguka mbele yao, kahawia na mpana, Kinya alimgeukia mumewe.

"Na wewe?"

Mugendi alijua anaulizwa nini. Aliangalia nje ya dirisha.

"Kidogo," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Kobia aliposema ni mbuzi, nilifurahi. Nilitaka iwe ni mbuzi."

Kinya alidhani atakasirika. Badala yake alisikia uchovu, na ndani ya uchovu ule kitu kama huruma. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Alikuwa tayari anamfikiria Fardosa.

*

Fardosa alirudi sokoni shule zilipofunguliwa. Alikuwa amekonda. Alipanga mitungi yake, akasalimia kila mtu, akakaa. Kinya alisubiri wateja wa asubuhi wapungue, kisha akamsimulia habari yote, tangu friji hadi blanketi. Fardosa alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo yule mzee alisikia."

"Alisikia."

"Na bwanako."

"Na yeye. Wengine sijawauliza. Nikiuliza naona nitapata wengi."

Mwanamke mmoja alikuja na chupa yake. Fardosa akampimia maziwa, akampa, mwanamke akaenda.

"Mimi nilidhani niko peke yangu," Fardosa akasema. "Kila siku nalala nikijiambia, ni mwanamke gani huyu, anasikia nyumba inaungua na anakaa anacheka. Nilidhani mimi ni mtu mbaya kuliko wote."

"Sivyo."

"Lakini wewe hukungoja, Mama Kiende. Usinidanganye kunifariji. Wewe uliinuka."

"Ningengoja." Kinya alisogea karibu, akashusha sauti ili wachuuzi wengine wasisikie. "Haki ya Mungu, Fardosa, nilikuwa nimeshaamua kungoja. Mimi si jasiri. Yule mzee namwogopa mpaka leo. Nilikuwa nimekaa hapo najiambia, akisema amina, akisema amina. Halafu nikakusikia wewe. Vile uliniambia Huqa alimaliza, na mkacheka. Ni hayo tu yaliniinua. Kama ungenyamaza, kama ungeniambia tu ni mipango ya Mungu kama wale wengine, ningekuwa nimekaa pale mpaka mwisho. Mzee, mama mkwe, Kiende wangu, watoto wa Kobia. Wote waliokuwa mle ndani, ni wewe uliwatoa."

Fardosa alimwangalia kana kwamba anatafuta uongo usoni mwake. Hakuupata. Akavuta shungi lake akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika, yeye ambaye hata siku ya mazishi watu walisema hakutoa chozi.

Mteja akafika, akasimama asijue la kufanya. Kinya alivuta kigoda chake hadi kwenye mitungi, akashika kopo la kupimia.

"Niambie unataka ngapi," akasema. "Huyu mwache kidogo."

Na hivyo ndivyo alivyouza maziwa ya ngamia asubuhi ile, yeye Mmeru asiyejua hata kuyapima vizuri, nyanya zake zikikauka juani, mpaka Fardosa alipomaliza kulia.